Jinsi Nilivyomfundisha Eduardo Kusoma

Mimi ndiye niliyemfundisha Eduardo Raimundo kusoma na kuandika. Iko kwenye karatasi, ina mhuri, na picha yetu wawili tukiwa tumeshika cheti imebandikwa ukutani katika ofisi ya utumishi. Nataka kueleza ilivyokuwa, kwa sababu hapa Mikindani wapo wanaonipongeza mpaka leo, na kila nikipongezwa nakereka.

Kwanza mnijue. Naitwa Nasra. Kidato cha nne nilipata divisheni foo, tena ile foo ya mwishoni kabisa. Miaka mitatu nilikaa nyumbani nikisuka watu nywele na kuuza bajia, mpaka kampuni moja ya maghala ya korosho, njia ya kwenda Naliendele, ilipotangaza kwamba inatafuta mwalimu wa kuwafundisha walinzi wake kusoma. Posho ni elfu kumi kwa kipindi, vipindi vitatu kwa wiki. Wenye vyeti vya ualimu waliipiga chini, mimi nikaiokota.

Sasa lazima niwaambie walinzi wa kampuni ile walikuwa wanapatikanaje, vinginevyo mtadhani natunga. Huko nyuma getini alikuwepo mlinzi aliyemaliza kidato cha sita. Siku moja dereva akaacha kwake bahasha ambayo haikufungwa vizuri, na ndani yake mlikuwa na orodha ya mishahara. Yule bwana aliisoma yote, kisha akawaita wenzake akawasomea jina kwa jina. Ikajulikana kwamba Baraka, dereva wa foklifti aliyeacha shule kidato cha pili akajifunza udereva miezi mitatu, analipwa laki saba na nusu. Mtunza stoo mwenye stashahada analipwa laki tatu. Akina mama wa kubangua korosho, wanaolipwa kwa kilo, msimu ukichanganya baadhi yao wanampita mtunza stoo, na msimu ukiisha hawana hata nauli ya kurudi kwao. Halafu kulikuwa na mtu mmoja anayelipwa milioni nne, cheo chake hakieleweki, na hakuna aliyewahi kumwona. Kazi ilisimama siku mbili.

Kampuni nyingine ingekaa ikapanga mishahara upya. Hii ilikaa ikaona kwamba kilicholeta balaa ni kusoma. Ikapitishwa kwamba kuanzia hapo mlinzi wa getini asiwe mtu anayejua kusoma. Walioomba kazi walipewa kipande cha gazeti, na aliyekisoma aliambiwa asante, tutakupigia simu. Walioshindwa walivalishwa sare siku ileile, wakafundishwa kwamba gari lenye karatasi ya mhuri wa bluu lipite na lenye mhuri mwekundu lisubiri.

Ilikwenda vizuri hivyo kwa miaka miwili, mpaka wanunuzi wa nje walipoleta fomu yao. Swali mojawapo liliuliza wafanyakazi wangapi hawajui kusoma, na kampuni imewafanyia nini. Ofisa utumishi, Madamu Jesca, alihesabu akakuta wako kumi na mmoja, wote aliwaajiri yeye mwenyewe kwa sababu hiyohiyo. Akaitisha kikao. Kikaamua wafundishwe upesi, lakini Kiswahili tu, na kuanzia mwezi ule orodha ya mishahara iandikwe kwa Kiingereza, tarakimu nazo ziandikwe kwa maneno. Hapo ndipo nilipoajiriwa.

Tulisomea kwenye banda la magunia matupu, saa tisa alasiri, kabla walinzi wa usiku hawajaingia kazini. Mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote alikuwa Mzee Jafari, aliyekuwa akikandamiza penseli mpaka inatoboa daftari na kuchora meza. Mdogo kuliko wote alikuwa Eduardo, miaka thelathini na moja, mtu wa Kitaya, mpole, mrefu, anakaa nyuma karibu na dirisha.

Wiki ya tatu nikaanza kumtilia shaka. Wenzake walikosea popote walipojisikia kukosea. Eduardo alikosea kwa mpangilio. Kila neno la tatu, kosa moja, tena kosa ninaloweza kulirekebisha bila taabu, kama vile anajua ninaweza kipi na siwezi kipi. Siku nilipoumwa kichwa, makosa yake yalipungua. Penseli aliishika kwa vidole vitatu bila kuibana, na kwenye kidole cha kati, pale inapolala kalamu, alikuwa na sugu. Sugu lile nalijua mwenyewe, nilikuwa nalo nikiwa shule, likaniisha nilipoanza kusuka nywele.

Nikamwambia abaki wenzake wakitoka.

"Kaka Eduardo, wewe uliishia darasa la ngapi?"

Akatazama mlangoni, akatazama magunia. "La kumi na sita, mwalimu."

Nikapiga hesabu. Saba ya msingi, nne ya sekondari, mbili za kidato cha tano na sita, tatu za chuo kikuu. Nikakaa chini.

"Ulisomea nini?"

"Uchumi."

Nilicheka mpaka nikashika magunia. Yeye hakucheka. Alinieleza kwamba alituma maombi ya kazi miaka minne, mijini na wilayani, na alikokwenda kuhojiwa waliambiana kwa macho kwamba huyu hatakaa. Mwisho akaja hapa. Kwenye foleni, mtu wa mbele yake alisema ameishia darasa la saba, akapewa gazeti akalisoma, akaambiwa asante, tutakupigia. Zamu yake ilipofika alikuwa na mke ana mimba ya miezi saba na chumba cha kupanga Magomeni ya hukuhuku kwetu kinachodai kodi. Akasema hajui hata a. Walipompa kalamu ya kusaini akaomba wino wa dole gumba.

"Wakijua wananifukuza siku hiyohiyo," akasema. "Kwa udanganyifu. Na barua ya kufukuzwa kwa udanganyifu hainipi kazi nyingine popote."

"Na kwenu wanajua?"

"Mama anajua niko kampuni ya korosho. Mengine amejaza mwenyewe."

Mama yake alikuwa anaitwa Deolinda. Wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka upande wa Msumbiji akiwa mgongoni, na yeye akakulia Kitaya, akaolewa, akafiwa na mume, akabaki na mtoto mmoja na shamba la mpunga. Hakuwahi kusoma. Ili Eduardo afike hilo darasa la kumi na sita aliuza cherehani, kisha baiskeli ya marehemu, kisha mikorosho saba yenye kuzaa, mmoja mmoja, kila muhula na mkorosho wake. Eduardo alinihesabia miti ile kwa majina ya mihula. Siku hiyo sikumsuka mtu nywele, nilirudi nyumbani nikalala.

Kilichoniuma zaidi, na nakisema wazi, ni kwamba nilipoamka nilimchukia yeye. Mimi foo yangu ilikuwa inaniletea laki na ishirini kwa mwezi. Yeye digrii yake ilimletea laki na themanini. Miaka mitano ya kukaa darasani zaidi yangu imempa elfu sitini, na hizo elfu sitini ni za kukesha. Mbona basi mimi nililia vile matokeo yalipotoka? Mama yangu alinifungia ndani wiki nzima nisionekane na majirani. Nilitaka mtu anirudishie wiki yangu.

Lakini hasira yangu haikai. Tukapatana. Yeye ataendelea kujifunza kusoma, mimi nitaendelea kumfundisha, na mwisho atafaulu kwa kiasi, kwa sababu kampuni ilikuwa imeahidi kwamba atakayepata cheti cha kusoma ataongezewa elfu thelathini na tano. Digrii haikuwahi kumwongezea hata shilingi. Nikamwambia ashike nafasi ya tano kati ya kumi na mmoja, asijitokeze sana. Akasema ya tano inawezekana, ila Mzee Jafari amekuwa hatari siku hizi, itabidi ajitahidi asimpite kwa bahati mbaya.

Tatizo likaja kwa Madamu Jesca. Mahafali yalipopangwa alipita darasani kuchagua nani atasoma risala mbele ya mgeni wa wanunuzi. Akamtazama Mzee Jafari, akatazama meno yake, akamchagua Eduardo kwa sababu anatoka vizuri kwenye picha. Eduardo akaiandika risala usiku lindoni, akaniletea. Nilisoma mstari wa kwanza nikaifunga. Ilikuwa na neno "tija" na neno "mgawanyo", na aya nzima inayothibitisha kwa mifano kwamba kampuni inalipa hatari ya mashine na wala hailipi elimu. Nikakaa nayo siku mbili nikiiharibu. Nadhani ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya pale, kutafuta namna ambavyo mtu aliyejifunza juzi angesema shukrani.

Wakati sisi tunahangaika na risala, Madamu Jesca alikuwa ametuma barua kwa watendaji wa vijiji, kuwaalika wazazi wa wahitimu. Hatukujua. Kule Kitaya mtendaji alimwita Deolinda akamsomea kwamba mwanawe Eduardo Raimundo atahitimu na kutunukiwa cheti mbele ya wageni wa kimataifa. Barua haikusema cheti cha nini, labda kwa kuona aibu. Deolinda hakuwa na haja ya kuuliza. Mtoto ana digrii ya kwanza. Baada ya ya kwanza inakuja ya pili.

Siku ya mahafali, Jumamosi, turubai limefungwa uwanjani, viti vya plastiki vimepangwa, pilau inanukia nyuma ya ghala, Canter likaingia getini bila karatasi yenye mhuri wowote, lina vumbi la Kitaya tu. Aliyekuwa zamu alishindwa aamue, akalipitisha. Walishuka watu ishirini na saba. Walikuwa na ngoma tatu, wanawake wote wamevaa khanga za doti moja, na mbele yao ametangulia mama mwembamba aliyebeba juu ya kichwa fremu kubwa ya kioo. Ndani ya fremu alikuwa Eduardo, amevaa joho na kofia ya pembe nne, anatabasamu.

Walimfuata palepale kwenye mstari wa wahitimu, wakamnyanyua begani, wakampaka unga usoni kama wanavyompokea kijana anayetoka jandoni, wakamzungusha uwanja mzima. Nyimbo zilikuwa za Kimakonde. Mzee Jafari, anayekielewa, alinisogelea akaninong'oneza kwamba wanaimba mtoto wa Deolinda ana digrii mbili, ya pili kapewa na Wazungu. Kisha akakohoa, wala hakushangaa. Ndipo nilipojua kwamba hata yeye alikuwa anajua siku zote. Mgeni wa wanunuzi alikuwa anapiga makofi kwa kufuata mdundo.

Eduardo, juu ya mabega ya wajomba zake, alikuwa ananitazama mimi. Sijui alitaka nifanye nini.

Madamu Jesca akashika kipaza sauti. Aliwakaribisha ndugu zetu wa Kitaya na ngoma yao nzuri. Akasema leo tunashuhudia muujiza wa elimu. Wahitimu hawa kumi na mmoja, akasema, miezi sita iliyopita hawakuijua a wala be, walikuwa wanasaini kwa dole gumba, na leo kila mmoja anaweza kuandika jina lake.

Nilikuwa namwangalia Deolinda. Alikuwa bado anacheza. Mabega yakaacha kucheza kwanza, kisha miguu. Wapiga ngoma wakaendelea kidogo, wakaona mwenye shughuli amesimama, nao wakanyamaza. Akaishusha fremu kutoka kichwani akaishika mbele ya tumbo, picha ikitutazama sisi wote.

"Mama," Madamu Jesca akasema kwenye kipaza sauti, anacheka kwa upole, "na picha hii ya joho la digrii mmempiga lini kijana wetu?"

Mnajua uwanja ulivyokuwa? Pilau ilikuwa inatokota nyuma ya ghala na tukaisikia. Eduardo ameteremshwa, unga umemjaa usoni, anatazama viatu vyake. Kama mama angesema neno moja tu, lile alilokuwa analiimba dakika mbili zilizopita, mwanawe angekuwa hana kazi kabla chakula hakijaiva. Kama asingelisema, basi amemkana msomi wake mbele ya ukoo mzima.

Deolinda alimtazama mwanawe usoni. Mtu asiyejua kusoma husoma sura vizuri sana, hilo nimelijua kwa wanafunzi wangu. Kisha akasema, "Hiyo ya studio. Joho la kuazima. Kwetu kila ntu anapiga."

Watu wakacheka, wakapumua. Madamu Jesca akamletea kipaza sauti aseme neno kama mzazi.

"Huyu ntoto wangu hakusoma," Deolinda akasema. Sauti yake ilikuwa tambarare. "Alitaka. Mimi ndiye nilikataa. Nilimwambia shule haina faida, akanilindie ndege kwenye mpunga. Nawashukuru nyinyi."

Alimalizia hapo. Ndugu zake wa Kitaya, ambao kila mmoja wao alichangia nauli ya kwenda chuo angalau mara moja, walisimama na ngoma zao wakatazama chini. Madamu Jesca, ambaye kwa kweli si mtu mbaya, aliguswa. Akamshika mama mkono mbele za watu akampa somo la dakika kumi, kwamba wazazi wa vijijini tubadilike, kwamba mtoto ni wa kusomeshwa hata kama ni kwa kuuza mali. Mama alikuwa anaitikia kwa kichwa. Mgeni akampiga picha. Nasikia imewekwa kwenye ripoti yao, na chini yake pameandikwa kwamba ni mama aliyejutia.

Eduardo akaitwa asome risala. Kazi yangu ya kuiharibu ilikuwa ya bure, maana siku ile alisoma vibaya kuliko nilivyopanga. Alikwama kila neno, na hakuwa anaigiza. Watu walimpigia makofi wakidhani ni aibu ya ushamba. Akapewa cheti, na mimi nikaitwa nisimame naye, na ndiyo picha ile ya ukutani. Ukiitazama vizuri utaona unga bado uko kwenye nyusi zake.

Pilau ililiwa. Watu wa Kitaya walikula haraka, bila maneno, wakaanza kupanda gari. Deolinda akamvuta mwanawe pembeni ya Canter, na mimi nikawafuata, kwa sababu nilitaka kumwambia mama yule kwamba nimeona alichofanya. Madamu Jesca naye alikuwa hatua nne kutoka pale, anawafungashia wageni soda.

"Eduardo," mama akanong'ona. "Ile digrii unayo kweli?"

"Mama."

"Nakuuliza. Pale mbele nimesema uongo, na wote wameamini, hata wenye miwani. Nikajiuliza, na mimi kule nyuma niliamini nini? Ulinionyesha karatasi. Mimi karatasi sizijui."

"Mama, ulikuja chuo. Uliniona nimevaa joho."

"Si nimeambiwa linaazimwa." Alisema hivyo akiwa amesahau kwamba aliyesema ni yeye, au labda hakusahau. Akafungua fundo la khanga yake akatoa karatasi ya zahanati, imekunjwa mara nne. "Nisomee."

Eduardo akaifungua. Akasoma bila kusita, mfululizo, kwa sauti ya chini: jina la dawa kwa Kilatini chake, vidonge viwili kutwa mara tatu baada ya chakula, rudi baada ya siku kumi na nne upimwe presha tena. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisoma. Miezi sita nimemfundisha, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia. Alisoma vizuri sana, na tarehe ya kurudi ilikuwa imepita.

Deolinda alisikiliza mpaka mwisho. Kisha hakumgeukia yeye, alinigeukia mimi.

"Mwalimu," akasema, "kusoma huku, umemfundisha wewe?"

Madamu Jesca alikuwa ameinua kichwa, ameshika soda mbili, anasubiri jibu langu huku anatabasamu. Eduardo hakunitazama. Alikuwa anaikunja ile karatasi kwa mikunjo yake ileile minne.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Mimi ndiye niliyemfundisha."

Akapiga goti mbele yangu, mimi niliye mdogo hata kwa mwanawe, akanishukuru kwa mikono miwili.